Mke wangu aliumwa mwaka mzima, jirani akajua kabla yangu mimi mumewe

Wakuu, poleni na majukumu ya wiki. Mimi humu huwa nasoma za wenzangu na kupita. Leo naandika yangu. Sijaongeza kitu. Kama kuna nilichopunguza, ni cha kumsitiri marehemu.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Tuliporudi nilihamia Gitega, mtaa wa Yoba. Ni fundi wa kuchomelea, natengeneza milango na madirisha ya chuma.

Mke wangu aliitwa Générose, mtu wa Mwakiro, huko Muyinga. Tulifunga ndoa kanisani, Mungu akatupa binti mmoja, Divine, ambaye sasa ana miaka kumi na sita.

Kanisani nilikuwa mzee, na darasa la wanandoa nilipewa mimi. Kila Jumamosi mchana nafundisha upendo ndani ya nyumba ya Mkristo. Watu wanaandika kwenye madaftari.

Na nyumbani kwangu kweli hakukuwa na kelele. Sikuwahi kumpiga mke. Silewi. Sina mwanamke wa nje. Bon, nilijiona nimemaliza.

Ila nilikuwa na neno moja.

Générose akisema jino linauma, namuuliza, "Umeomba?" Akisema amechoka, "Umeomba?" Akisema leo ana huzuni na hajui ni ya nini, "Umeomba?" Halafu naendelea na mambo yangu. Sikuwa na hasira wala sikuwa namtania. Niliamini kabisa kwamba kulalamika ni imani ndogo.

Taratibu akaacha kusema.

Mimi nikaenda kusimulia darasani kwamba mke wangu amekomaa kiroho. Wakuu, mnisamehe, hii sehemu nimeifuta na kuiandika upya mara tatu.

Jirani yetu ni Mama Zuhura, Mwislamu, mshonaji wa nguo. Alasiri moja alikuja karakana, akasimama mbali na cheche mpaka nikazima mashine.

"Baba Divine, unisamehe. Mi siko mtu wa kuingia mambo ya nyumba ya watu. Lakini bibi yako iko na uvimbe kwa ziwa. Niliuona wakati nampima blauzi. Mwaka sasa. Aliniapisha nisiseme, lakini nimeshindwa. We hauone vile amekonda?"

Kukonda nilikuona. Nilidhani ni mfungo.

Nikaenda nyumbani kwa miguu. Nilimkuta Générose uani anachagua maharage. Na jambo la kwanza lililonitoka mdomoni halikuwa pole.

"Kwa nini umwambie Mwislamu kabla ya mumeo?"

Hakuinua macho.

"Aliniuliza," akasema. "Aliona nashindwa kuinua mkono, akaniuliza nina nini. Akangoja nijibu."

Kesho yake tukaenda hospitali. Vipimo vikafuata vipimo. Mwisho daktari, kijana mpole, akatuambia ni kansa na imeshasambaa. Alisema tungekuja mapema kungekuwa na la kufanya.

Générose akamjibu, "Pardon, docteur." Kama mtoto aliyechelewa shule. Tulipotoka nje akaniomba msamaha na mimi.

Akataka kwenda kwao Mwakiro. Nikafunga karakana, tukaenda wote watatu, tukakaa kwa mama yake.

Nilijiambia sasa nitampenda kwa matendo. Nikaanza kumuogesha, kumlisha uji, kumgeuza kitandani. Kila nikimgusa ananiomba radhi. Nikipuliza uji upoe, anasema asante mara tatu. Siku moja namkanda miguu, akaniangalia muda mrefu, akasema, "Usinizoeze sasa."

Nikaendelea kumkanda.

Baada ya hapo akaomba mama yake ndiye awe anamuogesha.

Nikawa nakaa nje, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Na hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa analia kwa maumivu. Anaita mamaa, mamaa, anagugumia, na mama yake anamwambia, "Ihangane, mwana wanje," vumilia, mwanangu.

Nikaingia mbio. Aliponiona tu, akanyamaza. Jasho linamtiririka, taya amezikaza, na ananitazama kwa heshima.

Mama mkwe akanifuata nje. Hakunigombeza. Alisema tu, "Huyu mtoto wangu alikuwa akichomwa na mwiba, kilima chote kinajua. Nilikupa mtu anayelia. Ulimfanya nini?"

Tangu siku ile sikuingia tena akiwa anaumwa sana. Nilikaa nje ili apate kulia. Katika miaka kumi na minane ya ndoa, hicho ndicho kitu ninachoweza kusema nilimfanyia kwa upendo. Kutokuwepo.

Alifariki asubuhi, mkono wake ukiwa kwa mama yake. Mimi nilikuwa huko nyuma.

Divine alikataa kurudi Gitega. Yuko Mwakiro na bibi yake, wanalima. Sikumlazimisha. Nikienda kumwona, nauliza, nanyamaza, nangoja. Mara nyingine nangoja mpaka muda wa gari unafika na hajasema kitu.

Mwezi uliopita mchungaji aliniomba nirudi kwenye darasa. Nilisimama mbele nikawasimulia haya haya, bila mstari hata mmoja wa Biblia.

Hakuna aliyeandika.

Mama mmoja wa benchi la tatu akainuka, akatoka nje akilia. Mume wake akabaki amekaa, mikono magotini, ananitazama mimi.

Nikamwambia, "Mfuate."

Akaangalia wenzake. Akaangalia mlango. Hakuinuka.

Sikumlaumu, namjua yule mtu, nimekuwa yeye. Niliteremka nikaketi kando yake, na darasa likaishia hapo.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Nyumba inaweza kuwa na sala asubuhi na jioni, isiwe na ugomvi, na bado mtu akafia humo ndani akiogopa kusema "naumwa". Mke au mume wako akikwambia kitu kinamuuma, muulize kinauma wapi. Omba, ndiyo, lakini muulize kwanza, na ukae usikilize.

Wenye la kunionya, nionyeni, sitajitetea. Na kama kuna mzazi humu ambaye mtoto wake aliwahi kumfungia mdomo kabisa, halafu siku moja akaongea naye tena, naomba aniambie ilichukua muda gani.