Nilivumiliwa

Bibi alikubali kuzungumza na mgeni kwa sharti moja: gari la mgeni likirudi Dodoma, limchukue hadi Nkuhungu. Baba mkubwa alicheka.

"Nkuhungu una nani, mama? Utashukia kwa nani?"

Sisi, kwa tulivyojua, tulikuwa watu wa Kolo tangu milima ilipowekwa.

Mgeni alikuja kutazama michoro ya kwenye miamba, akasikia kuna mwanamke aliyekuwa msichana zama za Mjerumani. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na sikuamini chochote, hata masimulizi ya nyumbani. Kila mzee aliyeulizwa habari za njaa ya wakati ule alisema walivumilia. Nani alivumilia nini? Waliokufa, wao hawakuvumilia? Nilikubali kutafsiri ili nipate nafasi ya kumbana Bibi kwa maswali.

Alianza vizuri. Askari wa Mjerumani walipita kwao, wakabeba uwele ghalani na mbuzi zizini. Mvua nayo ikakataa. Kisha akasema, kwa ile lafudhi yake nzito niliyozoea kuiita ya kizee, "Basi, nikavumiliwa."

Nilijua amekosea. Kiswahili alijifunza ukubwani. Silabi moja huponyoka. Nikaanza kumtafutia Kiingereza chake. "Survive" ni la anayetoka hai, hata kwa bahati tu. "Endure" lina heshima, ni la mtu anayebeba mzigo akijua uzito wake. "Put up with", la kuvumilia kero, nililitupa mara moja. Chuoni tulilitumia kwa mbu na kwa redio ya mwenzako wa chumbani. Nikampa mgeni "she endured". Akaandika, uso umejaa huruma.

"Umemwambia nini?" Bibi akauliza.

"Kwamba ulivumilia."

"Mimi? Nivumilie nini, na mlaji nilikuwa mimi? Waliovumilia ni wenye nyumba hii. Baba alinileta hapa kutoka Nkuhungu kwa miguu, maana huku nafaka ilikuwapo. Akaniweka, akapewa kikapu cha uwele. Akasema akivuna atakuja kunitoa. Mara na huku uwele ukapungua. Watoto wa nyumba wakalambishwa uji, na mimi wa kuwekwa nikalambishwa. Mama yao akasema, 'Hili tumbo la watu tutalivumilia mpaka lini?' Ndiyo nikavumiliwa. Mpaka nikaolewa na mwanawe."

Kuweka rehani nilikujua kwa saa na baiskeli, vitu ambavyo mtu huviacha dukani akikwama. Sikuwahi kusikia mtu akiwekwa, na huyu alikuwa bibi yangu. Nikamtazama baba mkubwa nikitegemea atakana. Alikuwa ameachama.

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza? Ninyi mlijua kula ugali wangu tu."

Nikamwomba mgeni afute. Nikamwambia, "She was put up with." Akatabasamu kwa upole, akanisahihisha kama nilivyomsahihisha Bibi: bila shaka ninamaanisha kwamba yeye ndiye aliyevumilia? Nikasema hapana. Nikarudia polepole lile neno la mbu, na wakati nikirudia ndipo nikasikia kwamba ndani yake limo "put", yaani kuweka. Nikamweleza na habari ya kikapu. Mgeni akaacha kuandika.

Bibi alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga vizuri. "Mwulize gari linaondoka saa ngapi."

"Mama," baba mkubwa akasema, sasa bila kicheko, "baba yako atakuwa alishakufa."

"Najua. Siendi kumdai. Nataka kuuliza wa kwetu kama alifika na kile kikapu."

Baba mkubwa aliingia ndani. Alipotoka, alikuwa amevaa viatu.