Nyumba ya Kijapani nyuma ya Ghala

Chuo chetu cha kilimo kilikuwa na nyumba moja ya bati nyuma ya ghala, na humo tuliwekwa vijana watatu pamoja na mwalimu wetu Mjapani. Mmoja wetu angepelekwa Japani kusomea mashine za kilimo. Ili ajulikane nani, tulitakiwa kuishi kwa Kijapani tangu kuamka hadi kulala. Ukivua viatu mlangoni, Kiswahili unakiacha hapo hapo pamoja na tope. Kifipa, lugha yangu ya nyumbani, ndiyo usiseme.

Watu hudhani lugha huchosha kichwa. Mimi ilinichosha taya, shingo, hata tumbo. Nimelima ntumba tangu utotoni, yale matuta ya duara tunamofukia majani, lakini sijapata kuchoka kama nilivyochoka kuomba chumvi mezani. Unakusanya maneno, unayapanga, na ukiwa tayari kuyasema wenzio wameshamaliza mboga. Aliyeteleza akasema lugha nyingine aliosha vyombo, na masufuria ya nyumba ile niliyajua yote. Neno la kwanza nililolimudu sawasawa lilikuwa tsukareta, yaani nimechoka. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Hakuwa mtu mbaya. Baridi ya Juni ilimtesa kuliko sisi, akashinda amejifunga blanketi kiunoni, akitupikia supu ya dagaa wa Kirando. Kwa supu ile nilimsamehe mengi. Wenzangu walikuwa wepesi wa ulimi. Mimi nilikuwa mzito, ila king'ang'anizi. Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu akawa ananipa mimi kitabu cha mashine nikisome kwa sauti, nao wakatazamana. Mama nilimpelekea habari kwa mdomo wa jirani. Nikasikia ametangaza baada ya misa kwamba mwanawe anakwenda Japani. Sikupenda, lakini mama hakatazwi.

Siku moja nilitumwa Katandala kununua dagaa. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye lori, akitufahamu sote wa njia ya Namanyere.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. We kijana, kwenu hawajahama? Lori langu limechukuliwa kwa operesheni ya vijiji. Keshokutwa wanawapeleka kijiji kipya, kule barabarani."

Mama alikuwa mjane, na mtoto wake ni mimi tu. Akilini nilimwona akipambana na mapipa ya ulezi peke yake, na askari mgambo wakimwambia fanya haraka. Dagaa niliwasahau kwenye kaunta, ikabidi nirudi.

Jioni nikaomba ruhusa. Ombi lisilo la Kijapani mwalimu hakulisikia, hiyo ndiyo sheria, basi nikasema nilichoweza: mama, peke yake, kuhama, mimi, kwenda. Aliweka kijiko chini. Hakumaliza chakula, akanipeleka mwenyewe kwa mkuu wa chuo.

"Nchi nzima inahama, kijana," mkuu alisema. "Ukitoka nyumba ile sasa, umejitoa. Wa Japani atapatikana kati ya waliobaki."

Mwalimu alibisha kwa adabu, haikusaidia. Tulipotoka nje aliniambia pole sana, kwa Kiswahili. Asubuhi nikaondoka.

Nilipanda lori nusu ya njia, iliyobaki nikatembea siku mbili. Nilikuwa na hamu moja tu, niongee Kifipa na mama hadi koo likauke. Kijiji kipya nilikikuta mistari ya maboma yasiyo na paa, mama ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, vyombo vyake vimepangwa vizuri pembeni. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya salamu kama inavyotupasa. Badala ya kuitikia, aliniuliza:

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuhamisha, mama."

"Nimeshahama. Majirani wamenibebea hadi mafiga. Na chuo?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amejishika shavu.

"Nyumba ningejengewa na kijiji," alisema. "Japani nani ataniendea?"

Kifipa chote kilikuwa kinywani mwangu, na nilikuwa nimechoka mno kukitumia. Wanaume walikuwa wakiezeka boma la jirani. Nikapanda juu, nikaomba nirushiwe kamba.