Mkeka wa Johari na Uhai wa Mzee Abdalah

Mikeka ya plastiki ilipofika sokoni Kibiti, ilijaza lori zima. Habiba, jirani wa Johari pale sokoni, akaacha kusuka ukindu, akaanza kuiuza.

"Dada, achana na majani," alimwambia. "Siku hizi anayeuza rahisi ndiye anayekula."

Johari naye akashusha bei. Lakini ukindu hukatwa, ukaanikwa, ukasukwa shupatu, ukanda mrefu, kisha shupatu likashonwa mpaka likawa mkeka. Kadiri alivyouza ndivyo jiko lake lilivyopoa. Akaona akiendelea hivyo ataacha kazi aliyofundishwa na mama yake.

Ndipo akatafuta kitu ambacho Habiba hana. Watu wetu hulala juu ya plastiki, hula juu ya plastiki, ila maiti hawamlazi juu ya plastiki. Johari akaacha mikeka ya rangi, akasuka myeupe mitupu, akatundika kibao: MIKEKA YA MAZISHI.

Hesabu yake haikukosea, mfiwa habishani bei. Lakini bibi harusi hanunui mkeka kwenye mlango wa msiba. Wapita njia wakaanza kuvuka barabara. Alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, wenye nyumba walianza kulia. Na mwaka ule, alhamdulillahi, watu hawakufa sana.

Mzee Abdalah wa Dimani alipougua, Johari alimpelekea uji. Mkwe wa mzee akasimama mlangoni, hampishi.

"Mwache apite," mzee akasema kutoka ndani. "Johari, umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukupa pole, baba."

"Nipime tu. Mimi mrefu, usije ukaniacha miguu nje."

Akampima. Akausuka mkeka wake kwa uangalifu, kama kazi ya mwisho, maana huenda ingekuwa ya mwisho kwa wote wawili.

Mzee hakufa. Alipopata nguvu aliutandika mkeka barazani, mbele ya barabara, akawa analala hapo kila alasiri.

"Mzee, huo si wa kuzikia?" watu walimuuliza.

"Ndio. Naujaribu."

Baada ya mfungo, akaja mama wa bibi harusi akitaka mkeka mwekundu kwa fundi yule yule aliyemsukia mzee. Akaja mwingine. Johari akashusha kibao, akachemsha rangi. Ila kila mteja, kabla ya kuagiza, huuliza kwanza kama Mzee Abdalah bado yupo.

Kwa hiyo kila asubuhi Johari humpelekea uji.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Kunywa, baba," humwambia, na hasogei mpaka bakuli liishe.