Walisema Nini Jioni Ile

Mwaka huu nilirudi Nachingwea baada ya kutangatanga Songea, Tunduma na Mwanza, kila mahali nikikaa mpaka kwetu kuniite. Nikaambiwa rafiki yangu wa seminari yuko Ruangwa, anaumwa sana. Nikapanda bodaboda.

Seminari yetu ilikuwa ya wavulana watupu, mjini, mbali na nyumbani. Wengi tulikwenda kwa sababu ilikuwa inafaulisha. Yeye alitaka upadri kweli. Kidato cha tatu akaanza kuanguka kifafa, na gombera, padri mkuu wa seminari, akaamua arudi kwao. Desturi ya pale ilikuwa kwamba anayeondolewa haagwi. Huondoshwa wenzake wakiwa kanisani. Tulitoka kwenye misa tukakuta kitanda kitupu, godoro limekunjwa. Hakuna aliyemtaja, si siku hiyo wala baadaye.

Mkewe alinipokea mlangoni. "Ingia, shemeji. Amekonda, usishtuke."

Mwili ulikuwa umekwisha, ila ulimi mzima. "Karibu, Baba Paroko! Mvi zote hizo, parokia bado hujapewa?"

"Nakusubiri wewe askofu uamke."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Alipotulia akanishika mkono.

"Ile siku niliyoondoka. Jioni walisema nini?"

Miaka yote hiyo akilima ufuta, akipulizia mikorosho salfa, akilea watoto, swali hilo alikuwa nalo. Na hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Gombera alikutaja kwenye sala," nikasema. "Kanisa zima lilikuombea. Wengine walilia."

"Nani?"

Nikamtajia wawili. Macho yake yakaendelea kungoja.

"Hata yule mnoko wa bwaloni, aliyekuwa akituchongea?"

"Huyo ndiye aliyelia kuliko wote."

"Kumbe!" Akamwita mkewe. "Njoo, mama, usikie mwenyewe." Nikarudia yote mbele ya mkewe, nikaongeza na wimbo ambao haukuimbwa.

Alifariki kabla ya palizi kwisha. Kaburini mdogo wake alisoma wasifu wa marehemu: mahali alipozaliwa, ndoa yake, watoto wake, na kwamba alisoma seminari, na siku alipoondoka shule nzima ilimlilia. Watu wakaguna kwa huruma. Mama mmoja akasema, "Alipendwa, jamani." Mkewe akanitafuta kwa macho katikati ya watu, na waliokuwa karibu naye wakageuka kunitazama. Nikaitikia kwa kichwa.