Sidii ya Linux Iliyofuta Wasifu wa Marehemu

Enzi zetu pale Mwatate, Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, haikupakuliwa, ilingojewa. Binamu yetu aliyesoma Nairobi ndiye aliyetuletea sidii kila chuo kikifungwa, imefungwa kwa karatasi ya daftari. Toleo jipya lilitoka kila miezi sita, na likifika kwetu, wenzetu huko duniani wameshahamia jingine. Tulijali basi? Tuliishika kwa ncha za vidole, tukaifuta kwa sweta ya shule, tukagombania nani aitie.

Kuisakinisha nayo, weee! Maswali juu ya maswali, maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Diski uigawe vipi? Kadi ya sauti ni ya aina gani? Nani angejua! Unakosea, unaanza upya, huku Mama akiita watu wakale maharagwe yamepoa. Mwishowe picha inakuja, sauti ng'o. Vijana wa leo mstari wa kupakua ukikwama dakika mbili wanaona wameonewa.

Baba alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na programu za mazishi. Likizo moja alienda Voi kununua karatasi, nami nikaona nimfanyie sapraizi: nimwekee Linux kwenye kompyuta yake. Nikafika pale panapouliza kama itumie diski yote. Nikajibu ndiyo, tena kwa bashasha. Kumbe ndiyo hiyo ilifuta kila kilichokuwemo, na mle mlikuwa na wasifu wa Mama Mghoi wa Bura, aliyekuwa azikwe kesho yake. Wanawe walikuja wakamsimulia Baba, naye akachapa papo hapo. Nakala ya karatasi hakuna.

Baba aliporudi alikitazama kioo, akanitazama mimi. Nilingoja kofi. Akasema tu, "Umefuta mtu, Mkamburi. Nenda ukawaambie wenyewe."

Nilipandisha Bura nikilia njia nzima. Mghoi, binti mkubwa wa marehemu, alinisikiliza, akaguna. "Haya, mwanangu, chukua kalamu. Hata hivyo tulisahau kusema alivyopenda kucheka." Wakasimulia upya, majirani wakitia chumvi, nikaandika hadi vidole vikafa ganzi. Kesho yake wasifu uliposomwa, waombolezaji walicheka huku wakifuta machozi. Mimi nilijificha nyuma ya kwaya kwa aibu.

Juzi binti yangu Wakesho alimwekea babu yake toleo jipya. Flashi tu, robo saa, sauti ipo, printa ipo, huku akila viazi vyake. Bado akalalamika ati iko slow! Nilimwonea wivu, na huruma pia, maana raha ya kufungua ile karatasi ya daftari hataijua kamwe.

Lakini kabla ya kubonyeza ile ndiyo ya diski yote, aliinua kichwa. "Babu, kuna kitu cha mtu humu?"

Mimi niliweza kungoja sidii miezi sita, nikashindwa kungoja Baba arudi kutoka Voi nimuulize. Huyu wangu asiyejua kungoja chochote aliweka viazi chini, akangoja jibu.