Kiuno Kilipotulia

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Homa Bay, sikupewa kitambaa. Fundi Mkuu alinipa makasi na magazeti ya zamani, akaniamuru nikate mikono ya gauni mpaka niache kuuma ulimi kwa woga. Mwanga wa ziwa uliingia dirishani ukacheza juu ya cherehani zetu, zikaonekana kama zinaelea.

Fundi Mkuu alikuwa na kigezo kimoja, yaani karatasi nene ya kukatia, kilichowafaa wanawake warefu. Akija mfupi, alikata vilevile, kisha akakunja upindo wa chini. "Mfupi ni mrefu aliyezidiwa na kitambaa," alipenda kusema, na wateja wenyewe walicheka. Niliwatazama wakitoka. Waliocheka zaidi ndio waliovuta mabega ya gauni njia nzima.

Nilipohamia Migori, kwenye karakana ya sare, Msimamizi wetu alikuwa mama mpole aliyemwita kila mtu nyathina, yaani mwanangu. Huko ndiko alikokuja Mwalimu Akinyi, mwanamke mdogo wa umbo, aliyekuwa amepandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu. Jumatatu angesimama mbele ya wazazi kwa mara ya kwanza. Koti alilokuja nalo lilimmeza. Mifuko ilikaa mapajani.

"Mama fundi, wageni wakifika shuleni wananituma nimwite mwalimu," aliniambia. "Nimechoka. Nishonee kitu cha kunirefusha."

Alitaka sponji mabegani. Viatu vya kisigino angenunua mwenyewe. Nilikuwa tayari kukubali, lakini Msimamizi alinizuia kwa jicho.

"Nyathina, urefu hatuuzi hapa," alisema. "Mfunge uzi, atembee."

Nikamfunga uzi tumboni, juu ya blauzi. Mwalimu akaenda sokoni, akainamia mafungu ya dagaa wa omena, akabishania bei, akarudi. Uzi ulikuwa umepanda taratibu ukatulia chini kidogo ya mbavu, mbali na pale kigezo kama kile cha Homa Bay kingeweka kiuno. Miaka yote alikuwa akivaa kiuno cha mtu mwingine. Alijitazama kiooni, kidole juu ya uzi, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake.

"Kumbe niko hapa," alisema.

Nikamshonea gauni: nilipandisha kiuno, nikapunguza kwapa, nikasogeza dati, ile mishono ya kubana kifua. Sponji sikuweka.

Sasa nimestaafu, macho hayalioni tundu la sindano. Mchana, kibarazani, usingizi na kumbukumbu hunijia pamoja, na wanawake niliowashonea hupita mbele yangu polepole, kila mmoja na kiuno chake. Sijui kama kazi yetu ilibadilisha jinsi watu walivyowatazama. Jumatatu ile jioni Mwalimu Akinyi alipita karakanani na viatu bapa, vimejaa vumbi la uwanja. Mzazi mmoja alikuwa amemsimamisha langoni akamwambia, kama kawaida, amwitie mwalimu mkuu.

Nilimuuliza alifanyaje.

"Nilimwambia, 'Umeshampata.'"