Vyumba Nilivyoviruka

Siku yangu ya kwanza kazini nilichambua mchele tangu asubuhi hadi alasiri, kisha nikaambiwa niurudie wote. Aliyeniambia ni Bi Msimamizi. Alikuwa na jina lake, lakini Temeke nzima ilimwita kwa cheo hicho, nami sikuthubutu kumwita vinginevyo mpaka alipofariki. Kazi yake ilikuwa kusimamia shughuli. Mtu akiwa na binti wa kuoza alimfuata yeye, naye alipanga kila kitu: nani apike, nani apambe, nani apite kualika, maji yatatoka wapi na mikeka itarudishwa kwa nani. Wajukuu zangu wanadhani kazi hii imeanza juzi na watu wenye kumbi za kukodi. Sisi tuliifanya peku.

"Tazama hiki," aliniambia, akaniwekea kijiwe kidogo kiganjani. "Mgeni aking'ata hiki, nyama yote aliyokula ataisahau, atabaki kuhadithia jino lake. Anza upya."

Nikaanza upya huku machozi yananilengalenga. Nilikuwa msichana mwenye kiburi na nilitaka kuacha siku ile ile. Sikuacha, kwa sababu nilitaka kumwonyesha.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, lakini mchele na nguo bado vilikuwa vya kupimiwa dukani, na Temeke watu wengi walikuwa makuli wa bandarini, wachuuzi na wakulima wa mihogo. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa kuifanya shughuli ndogo ionekane shughuli. Nilifundishwa kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko wa sufuria ili wali uive kwa moto wa juu na wa chini, na kuni zisiliwe bure. Nilifundishwa kuwapa wageni muhogo wa nazi na chai ya tangawizi kwanza, ili sinia la wali likija liwakute wametulia. Singo, ile dawa ya manukato ya kumsugulia bibi harusi mwili, tuliitengeneza kwa maganda ya machungwa yaliyokaushwa na karafuu za jikoni, maana liwa, ule mti wa manukato unaosagwa, haikupatikana. Na sare ya kanga isipowezekana, tulifumua magunia ya unga wa ngano, tukayachemsha na manjano, tukakata vilemba. Wanawake arobaini wakivaa kilemba cha manjano kichwani, hakuna anayeangalia kanga imechakaa kiasi gani.

Mwaka wangu wa tatu Bi Msimamizi alinikabidhi harusi peke yangu. Bibi harusi aliitwa Mwanaidi. Alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa na mama mdogo, Bi Sauda, aliyekuwa akikaanga vitumbua njia ya kwendea kisimani. Bwana harusi alitoka Kariakoo, kwenye ukoo wa watu wa duka wenye asili ya Kiarabu, wa siku nyingi mjini. Kijana mwenyewe alimpenda Mwanaidi na hakuficha. Wakubwa zake walikubali kwa adabu, lakini tulijua wanatutazama.

Bi Sauda hakutaka makubwa. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mie nataka kitu kimoja tu. Mwanaidi atoke hapa kama mtu mwenye kwao."

Nikamwahidi. Nikakaa nikapiga hesabu za masinia, nikaona watu ni wengi mno. Nikajiona nina akili: nitapunguza mwaliko.

Lazima nieleze mwaliko wa siku zile. Hapakuwa na kadi. Msichana alivaa vizuri, akapita nyumba hadi nyumba kutamka mwaliko kwa mdomo. Na nyumba zenyewe zilikuwa zile za vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na ua nyuma, kila chumba na mpangaji wake. Mimi nikachagua. Nyumba hii nikamwalika wa chumba cha mbele, ile nikamwalika wa chumba cha tatu, wengine nikawaruka. Nilifanya hivyo katika nyumba tisa, nikarudi kwa Bi Sauda najisifu kwamba chakula sasa kitatosha na kubaki, bila kumwambia nimefanyaje.

Siku tatu kabla ya harusi ilikuwa siku ya kuchambua mchele na kutwanga bizari. Kwa kawaida siku hiyo ua hujaa wanawake mpaka pa kuweka mguu hapaonekani. Tulikaa pale mimi, Bi Sauda na bibi mmoja asiyeona vizuri. Jua likapanda. Hata wale niliowaalika hawakuja. Mikeka niliyoahidiwa haikuletwa, na masufuria ya kuazima, kila mwenye nalo akawa ana udhuru.

Katika hali hiyo ndipo shangazi yake bwana harusi alipoingia kututembelea. Alikaribishwa kwenye mkeka, akazungusha macho uani, akaona nyungo tano na watu watatu.

"Bi Sauda," akasema kwa upole mkubwa, "sie hatuna neno baya. Naona mna upungufu wa watu. Kwa nini msituachie? Karamu tuifanye kwetu Kariakoo, ndoa ifungwe huko huko. Mtamleta binti tu. Msijitaabishe."

Kwa asiyejua mila, huo ni wema. Lakini siku zile harusi ilifanyika kwa bibi harusi, na bwana harusi ndiye aliyekuja na watu wake. Binti kupelekwa kuolewa nyumbani kwa mume, na karamu yake wakaipika wakwe, ni kusema kwamba ameokotwa. Neno hilo angelikuta kila siku ya ndoa yake, kila akikosea chumvi. Bi Sauda alijua.

"Nipe mpaka kesho adhuhuri, mama," akasema. "Nitakuletea jawabu."

Nilikimbia kwa Bi Msimamizi. Nilitaka anihurumie. Alinisikiliza nusu tu.

"Ulialika vyumba," akasema. "Nani kakufundisha kualika vyumba? Yule wa mbele atatokaje amejipamba, mwenzie wa nyuma, anayeteka naye maji, amekaa anamtazama? Atakaa ndani. Mie ningemshangaa akitoka."

"Nilitaka kubana chakula, bibi."

"Chakula umebana. Na kuni umebana, na maji, na mikeka, na mikono ya kupika. Tajiri anaweza kualika watu wachache, ana vijakazi. Bi Sauda ana nini zaidi ya majirani?" Akanitazama. "Nenda ukaombe radhi. Kila chumba. Mie siji nawe."

Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Lakini nilijifunga kanga nikaenda.

Mlango mgumu kuliko yote ulikuwa wa Bi Zena, mpangaji wa chumba cha mbele katika nyumba ya nne. Nilimkuta uani anasuka ukili wa mkeka. Hakuuacha.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba. Shikamoo yako naijua. Juzi ulinipa hiyo hiyo hapo mlangoni, ukanipita, ukaenda kualika chumba cha tatu. Nikajisemea, labda atarudi. Nikasubiri na kanga yangu nimeshaitoa sandukuni."

Nilipiga magoti pale mchangani. "Nimekosa, mama. Kosa ni langu, si la Bi Sauda. Yeye hajui kama nilikuruka. Leo wamekuja kutaka kumwoza Mwanaidi kwao."

Mikono yake ikasimama. "Kwao wapi?"

"Kariakoo. Wanasema hatuna watu."

Bi Zena aliweka ukili chini. "Hatuna watu!" akasema kwa sauti iliyowatoa wengine vyumbani. "Haya, inuka. Usininong'oneze mie. Simama katikati ya ua ualike upya, kwa sauti, kila mtu asikie kwa wakati mmoja."

Nikasimama nikaalika. Nikatoka hapo nikarudia nyumba zote tisa, na kila ua nilialika vile vile, mpaka koo likakauka. Wapo walioniambia maneno ambayo siandiki hapa. Nilistahili.

Kesho yake asubuhi ua wa Bi Sauda ulijaa. Walikuja na mikeka kichwani, nazi, kuni, madebe ya maji. Mchele ulikuja kwa vibaba, huyu na wa Rufiji, huyu na wa dukani, na mzee mmoja aliyekuwa mpishi wetu wa wali akalalamika kwamba mchele wa namna nyingi hauivi pamoja. Tukautenga kwa ugumu wake, kila namna sufuria yake. Kuta za ua hazikuwa na pambo, basi kila mwanamke akatoa kanga yake nzuri kuliko zote, tukazitungika kwenye kamba toka mwanzo hadi mwisho. Wengine walikuja kuangalia tu kanga zao zimekaa wapi. Adhuhuri Bi Sauda alipeleka jawabu Kariakoo: karibuni Temeke.

Siku ya harusi shangazi aliingia na watu wake, akasimama mlangoni mwa ua. Vilemba vya manjano vilikuwa kila mahali, vigelegele vinapokezana.

"Bi Sauda," akauliza, "wote hawa ni nani?"

"Ndugu zake Mwanaidi."

"Wote?"

"Wengine bado wako jikoni, mama. Karibu ukae."

Chakula kilitosha kwa shida. Masinia ya mwisho yalikuwa na ukoko zaidi ya nyama, lakini hakuna aliyerudi na njaa. Mwanaidi alipotolewa, wanawake wa nyumba zile tisa walimsindikiza mpaka barabarani, na Bi Zena alilia kama aliyemzaa. Nami nililia, kwa furaha na kwa aibu pamoja.

Baada ya hapo Bi Msimamizi alinipeleka Kinondoni, kwa makarani na walimu Wakristo waliotoka bara. Huko nilijifunza harusi ya chai na keki, na maua ya karatasi tuliyoyakata wenyewe. Karani Mkuu mmoja aliniandikia ratiba, saa nane kamili hiki, saa nane na robo kile. Nikamwambia, "Bwana Karani, ratiba nimeipokea. Umewaambia majirani?" Akasema majirani hawamo katika ratiba. Nikaivaa kanga yangu nikaenda kuwaalika mwenyewe, naye alipoona viti vimeletwa bila kukodishwa, hakuniuliza tena.

Niliacha kazi magoti yalipokataa. Vijana huja kuniuliza niliwahi kusimamia harusi ngapi, nami sijui, sikuhesabu. Lakini ukiniuliza wale wa vyumba nilivyoviruka, nitakutajia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Wote sasa wametangulia mbele ya haki. Bi Zena alikuwa wa mwisho. Nilikwenda kuwazika wote, na hakuna mlango hata mmoja ambao nilisubiri kualikwa.